Nilimlisha Mtoto wa Jirani Dagaa wa Kwenye Karatasi

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Na kibaya zaidi, nililifanya huku natabasamu, nikijiona nina roho nzuri!

Mimi ni binti wa huku Kamachumu, Muleba. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe hayakuwa ya kusherehekea. Lakini ndoto ninazo, jamani! Mwaka jana alikuja dada mmoja kutoka Bukoba mjini, nimwite Rehema, anasomea masta ya lishe. Nilipomwona tu na mkoba wake wa makaratasi nikasema moyoni: siku moja na mimi nitakuwa hivi hivi.

Utafiti wake ulikuwa wa chakula cha watoto wadogo. Tunaingia nyumba kwa nyumba, tunamuuliza mama: jana, toka asubuhi mpaka kulala, mtoto alikula nini? Sasa Dada Rehema, ingawa anaishi Bukoba, si Mhaya na Kihaya hakijui, na kina mama wa kwetu mambo ya jikoni wanayasema kwa Kihaya. Ndiyo akanichukua niwe mkalimani. Wao wananiambia mimi, mimi namwambia kwa Kiswahili, yeye anaandika.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu, Mama Novatus. Alijibu taratibu, macho chini: asubuhi chai ya rangi, mchana ndizi, jioni ndizi zile zile zilizobaki.

"Na maharage?" nikamuuliza.

Akanikazia macho. "Waitu, mwenzetu, unataka mgeni akaseme mjini kwamba hapa hatuli?"

Roho iliniuma! Huyu ni mama ambaye mgeni akifika, hata kama ndani hamna kitu, lazima atoe kahawa ya kutafuna. Leo mimi nimwaibishe mbele ya mtu? Nikamgeukia Dada Rehema: "Alikula ndizi na maharage. Jioni dagaa."

"Safi sana, mama!" dada akafurahi, akaandika. Mama Novatus akaniminya mkono, asante ya kimyakimya.

Basi nikanogewa. Sikusubiri tena kuombwa. Nyumba hii naongeza maziwa, ile naweka papai, kwa yule bibi anayelea wajukuu nikachinja kabisa kuku! Kijiji kizima nilikipikia kwa mdomo.

Miezi ikapita. Dada Rehema akarudi kusoma majibu kwenye ofisi ya kijiji. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mradi ulikuwa unayasubiri, uchague vijiji vya kupewa unga wa lishe.

"Hongereni!" akasema, anacheka kwa furaha. "Watoto wa hapa wanakula vizuri kuliko nilivyotegemea."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanyaje? Unga ukaenda kijiji kingine.

Haukupita muda, Novatus, mtoto wa miaka miwili, akavimba miguu. Zahanati wakamzungushia mkononi ule utepe wa kupima utapiamlo, ukasoma nyekundu. Wakampeleka hospitali. Nikamfuata mama yake wodini, nikamwambia nataka kumweleza dada ukweli.

"Ukweli gani?" akanijia juu. "Kwamba mimi ni mwongo? Si niliweka dole gumba kwenye karatasi yake! Nyamaza, mwanangu, nyamaza kabisa." Akamfunika mtoto, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Ila na wewe, hao dagaa ungewaleta na jikoni kwangu."

Ole wangu! Nikisema, namuumbua jirani na kumwangusha dada wa watu. Nikinyamaza, watoto wanaendelea kushibia kwenye karatasi. Na yeye Rehema hajui lolote, ananitumia ujumbe: "Mdogo wangu, nakaribia kuutetea utafiti. Jina lako nimeliweka kwenye shukrani."

Juzi nikampigia. Nikasema yote, nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza:

"Nitajie tu nyumba ulizobadilisha, nizitoe."

Nikaanza kuzihesabu. Nyumba zipi? Ukiacha zile mbili tatu, nyingine zote zimechanganyika. Alichosema mama yupi, nilichosema mimi kipi, siwezi tena kutenganisha.

"Sikumbuki, dada."

Akakata simu. Mpaka leo hajapiga, na mimi sina ujasiri wa kupiga. Novatus bado yuko wodini. Nikikutana na kina mama njiani wananisalimia vizuri tu, wananishukuru kwa heshima niliyowapa, na mimi naitikia.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa kazi ya kumsemea mtu, sema alichosema. Hata kama ni aibu. Hata kama unampenda, na hasa kama unampenda! Mimi niliwasitiri majirani zangu aibu ya siku moja, na njaa ya watoto wao nikaificha humo humo.