Matairi Membamba ya Shangazi

Saa mbili asubuhi, mbele ya banda la matairi pembeni mwa stendi, mwanamke wa makamo amechuchumaa na fimbo mkononi. Anaisimamisha kando ya tairi, anaitazama, anasonya, anahamia tairi lingine. Fimbo ina alama mbili: uzi mwekundu uliofungwa chini, na chale ya kisu karibu na ncha ya juu. Matope ya kahawia yamekaukia juu yake kama rangi.

"Shangazi, leo umekuja kununua au kuchapa?" anauliza mwenye banda, baba mnene anayeitwa Fundi Upepo, maana stendi nzima inajaziwa upepo kwake.

"Nikimpata wa kuchapwa nitachapa," anajibu bila kuinua macho. "Hili tairi lako fupi. Difu yangu, lile bonge la chuma chini ya gari, itakwenda kulala juu ya tope kama kiboko."

"Gari lako lenyewe ndilo kiboko."

"Umeshaona kiboko kakwama?"

Wateja wawili wanaosubiri kuzibiwa pancha wanacheka. Fundi Upepo anajifanya anatafuta spana.

Kila mtu humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ni dereva. Ana pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo zamani ilikuwa ya bluu. Kila asubuhi hupanda nayo mlimani kukusanya maziwa ya wafugaji na kuyateremsha kwenye kituo cha maziwa cha chini kabla ya saa sita, lori la baridi linapoondoka. Kiangazi, kazi hiyo anaiweza hata mtu aliyepata leseni jana. Mvua zikianza, wenye magari hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli mjini.

Mwaka jana na yeye alishindwa. Pikapu ilikwama, ikavutwa kwa kamba, ikakwama tena. Meneja wa kituo cha maziwa akakifunga kituo kidogo cha mlimani mpaka jua lirudi. Msimu mzima familia za kule zikawa zinakamua na kumwaga. Mmoja wa waliomwaga ni dada yake mkubwa.

"Nilimwambia dada nakuja, na sikufika," anasema. "Akamwaga nyuma ya zizi, ndoo baada ya ndoo, mbwa wakanywa mpaka wakachoka. Hakunitukana. Angenitukana, ningepata usingizi."

Safari hii meneja amesema wazi: gari lisipofika siku moja tu ya mvua, kituo cha mlimani kinafungwa moja kwa moja. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, naye amempa siku mbili za kujiandaa. Kesho ndiyo safari ya kwanza ya matope.

"Moja kwa moja!" Shangazi anarudia maneno hayo kama mtu anayeonja dawa. "Hayo maneno yana meza na kiti. Mimi nina usukani. Tutaonana."

Kosa la mwaka jana hamsingizii mtu mwingine. Alinunua matairi mapana, meusi tii, na rimu za kung'aa ambazo ungeweza kujitazama ukachana nywele. Yalitokeza nje ya madigadi kama masikio. Stendi nzima ilimpigia makofi. Fundi Upepo, aliyemuuzia, alipiga makofi kuliko wote.

Kwenye tope yakawa sahani juu ya mafuta. Chini ya tope la barabara ile ya mlimani kuna ardhi ngumu yenye changarawe, lakini matairi mapana yalielea juu ya tope bila kuifikia. Kila alipokata kona yakasugua madigadi. Nafasi kati ya meno yake zilikuwa finyu, tope likaingia likahamia humo, na matairi mapya yakawa vipara siku ya kwanza.

"Nilinunua kwa macho," anasema. "Nilipendeza, usinione hivi. Nilikwama nimependeza."

Ndipo ikaja fimbo. Juzi, mvua ilipokatika, alivua viatu akapanda barabara yote kwa miguu. Hakupita pembeni wanapopita watu. Huko pamekanyagwa pakawa pagumu, panadanganya. Alipita ndani ya mitaro ya magurudumu, tope likimfika katikati ya muundi, na kila shimo alilidunga fimbo mpaka iguse pagumu na kulia *ko*. Shimo lenye kina kuliko yote upande wa chini ndilo lenye uzi mwekundu. Tairi atakalochukua, uzi ule lazima ukae chini ya kitovu cha gurudumu.

"Watu walinipita wakadhani nimepoteza pete," anasema. "Mmoja akanisaidia kutafuta."

Fundi Upepo sasa anavingirisha matairi mengine mapana, mapya. "Haya ndiyo wanachukua wakubwa, Shangazi. Tazama upana huo!"

"Wakubwa wanakwenda nayo wapi?"

"Harusini."

"Basi wape salamu. Mimi nakwenda mlimani."

Mwishowe, nyuma ya banda, chini ya turubai, anayapata. Matairi manne membamba na marefu, yaliyotoka kwenye gari la wachimba visima, meno yake bado yana kina. Anaingiza vidole kati ya jino na jino, vinaingia vitatu. "Tope likiingia hapa lina mlango wa kutokea," anasema, na kuyapapasa ubavuni, ambako nako kuna meno. Anasimamisha fimbo. Uzi mwekundu unakaa chini ya kitovu, na nafasi inabaki.

Rimu zake ni za chuma, ndogo, zimepakwa rangi nyeusi kwa brashi na mtu aliyekuwa na haraka.

"Hizo mbaya, nakwambia kweli," anasema Fundi Upepo. "Utanitia aibu barabarani."

"Ikipinda naipiga nyundo inarudi. Ile yako ya kung'aa ikipasuka nitaipiga nini, busu?"

Anaagiza moja ifungwe kwanza, anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, anapitisha mkono kati ya tairi na madigadi. Mkono unapita. Gurudumu limekaa ndani, halichungulii nje. Anatikisa kichwa kukubali.

Lakini Fundi Upepo ameichukua fimbo, na kicheko kimemfutika usoni. Anagusa ile chale ya juu.

"Na hapa je?"

"Hapo ni kwenye tope jeusi, karibu na kwa dada. Nilididimiza mpaka mkono ukaingia. Haikugonga."

"Basi membamba haya yatazama, Shangazi. Pasipo na chini, wembamba ni kisu."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo maana nataka rimu ndogo. Tairi linabaki na shavu refu la mpira. Nikifika pale nalitoa upepo, linalala, linakuwa pana kwa muda. Nikivuka nalijaza tena."

Fundi Upepo anashika kiuno. "Maisha yangu yote natia upepo. Leo nimuuzie mtu tairi akautoe?"

"Nitautoa nikiwa mbali. Hutauona ukilia."

Matairi na rimu yamekula akiba ya kiangazi kizima, hata baada ya yale mapana kurudishwa kwa Fundi Upepo na bei yake kukatwa. Shangazi analipa, anadai na pampu ya mguu iongezwe juu, na anaipata, kwa sababu Fundi Upepo amechoka kubishana.

Jioni anamkabidhi mumewe ile pampu. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa upole, asiyependa magari wala kelele.

"Mama, mimi mtu wa nguo," analalamika.

"Ndiyo maana nimekuchagua. Mguu wako umekanyaga pedali ya cherehani tangu hatujaoana. Kesho utakanyaga hii."

"Na wateja wangu?"

"Waambie wasubiri. Si ndiyo unavyowaambia siku zote?"

Asubuhi mvua imenyesha tena. Barabara inameremeta kama imepakwa mafuta. Kwenye shimo la kwanza pua ya pikapu inazama, tope linapanda, kisha chini kunasikika mkwaruzo wa changarawe. Matairi yamefika pagumu. Yanarusha mabonge ya tope juu ya paa, na mumewe, aliyevaa shati jeupe kwa sababu anazozijua mwenyewe, anafunga dirisha akiwa amechelewa.

Mashimo yote ya chini yanapita hivyo. Kisha linakuja tope jeusi. Ni eneo fupi, ungeweza kumrushia mtu chungwa upande wa pili akalidaka. Hapo ndipo zilipoishia safari za mwaka jana, hata zile zilizofika kwa kuvutwa kamba.

Shangazi anasimamisha gari, anashuka, anatoa upepo tairi moja baada ya jingine mpaka yanatoa mashavu. Anarudi, anaweka gia ya pili, na anaingia taratibu.

Katikati, gari linapunguza mwendo. Linapunguza zaidi. Linakaribia kusimama.

"Kanyaga!" anasema mumewe.

"Nikikanyaga tunachimba kaburi."

"Basi fanya kitu, Mama!"

Mguu wake hauongezi mafuta. Anauchezesha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, kushoto, kulia, ili meno ya ubavuni nayo yapate pa kung'ata. Pikapu inatetemeka. Inasogea kiasi cha kiganja. Inasogea tena. Tope linalia kama mtu anayenyonya embe. Kisha magurudumu ya mbele yanapanda kwenye majani, na ya nyuma yanafuata.

Mumewe anatoka na pampu bila kuambiwa. Anakanyaga tairi la kwanza kwa mdundo ule ule wa cherehani, na kufikia tairi la pili ameshaanza kuimba.

Dada yake amesimama kwenye kituo cha mlimani pamoja na majirani, mikebe ya maziwa miguuni. Anayaangalia matairi kwa muda mrefu.

"Yamekonda," anasema.

"Ni mwaka jana, dada. Hatukula vizuri."

Dada hacheki. Anainua mkebe wake mwenyewe, anaupandisha nyuma ya gari, anaupiga kofi kifuniko. "Mbwa leo watakunywa maji," anasema. Hapo ndipo anacheka, na Shangazi anageuka kukaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari.

Wanashuka na mzigo, wanalivuka tope jeusi kwa mtindo ule ule, mumewe akikanyaga pampu mara ya pili. Kituoni lori la baridi limeshawasha injini. Meneja anatoka, anaitazama pikapu, ambayo kwa sasa ni tope lenye vioo.

"Umefika," anasema.

"Nimefika."

"Na kesho?"

"Kesho wewe ndiye usichelewe."

Kesho yake anafika tena, na keshokutwa. Lakini Shangazi hana mpango wa kuzeeka akitoa upepo na kuujaza. Amewatangazia wafugaji utaratibu mpya: kila anayeleta maziwa alete na jiwe. Akiwa na jiwe, maziwa yanapanda garini. Asipokuwa nalo, akalitafute, gari litamsubiri na Shangazi atamsimanga hadharani. Mawe yanasafiri nyuma ya pikapu pamoja na mikebe, na kwenye tope jeusi yeye na mumewe wanayashusha kwenye mitaro ya magurudumu.

"Wenye mamlaka ya barabara waliniambia hapa hapajengeki," anasema, akijipangusa mikono kwenye sketi. "Sikuwaomba wajenge. Niliwapa habari tu."

Siku atakapopata pagumu, anasema, atarudi kwa Fundi Upepo kununua rimu za kung'aa, zile zile, apite nazo hapa hapa huku dada yake akitazama. Matumaini yake makubwa ni hayo, na hayaonei haya.

Anatupa jiwe la mwisho la leo. Anachukua fimbo, anaididimiza pale lilipozama, na kutega sikio. Fimbo inaingia, inaingia, mpaka chale ya kisu inafunikwa.

"Bado," anasema, na kuichomoa. Kisha anamgeukia mumewe. "Kesho leta na mawe ya pale nyumbani, yale uliyozungushia maua."

"Mama! Maua yangu je?"

"Yatasimama yenyewe. Sisi wote tunasimama wenyewe."