Chumvi Mara Mbili

Siku wakwe walipokuja kufuturu kwangu Tanga, chumvi niliitia mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya swala ya alasiri, mara ya pili baada yake. Katikati nilikuwa nimefagia uani, nimebadilisha pazia, nimelirudisha lile la zamani, nimechungulia barabarani mara sijui ngapi. Binti yangu alikuwa ameolewa Pangani miezi miwili nyuma, na hawa wakwe walikuwa hawajawahi kula kwangu.

Sufuria lilikuwa la mihogo ya nazi. Nikifunga sionji chakula. Wenzangu huonja kwa ncha ya ulimi wakatema, ila mimi roho haitulii, basi hukadiria kwa mkono. Siku hiyo wifi yangu hakufunga kwa udhuru wetu wa wanawake, kwa hiyo mwonjaji alikuwa yeye. Akachota kidogo, akafumba jicho moja.

"Wifi, hapa pana bahari."

Ilibaki nusu saa kabla ya magharibi. Nikaanza.

"Mjinga mie! Sina akili! Mtu mzima hovyo!"

Nikaugonga mwiko kwenye sufuria, nikamimina maji, nikayajutia, nikakalia mbuzi kukuna nazi nyingine, nikajikata kidole.

Wifi akaniinua. "Na yule aliyempa mwanawe pole kwenye simu jana alikuwa nani?"

Jana yake binti alinipigia akilia, wali wa futari umekuwa bokoboko huko ukweni. "Mjinga mie, mama, sina akili," alisema. Nikamwambia pole mwanangu, umefunga, na joto hili, mkono umechoka. Kaa chini unawe uso. Sikujiuliza maneno yale kayaokota wapi.

Nikaona haya. Nikakaa kwenye kigoda, nikanawa uso. Moyo ulikwenda mbio vilevile. Pole humpa hata mpita njia aliyejikwaa, lakini kujipa mwenyewe sikuzoea. Nikaisema kwa sauti ndogo. Wifi alijifanya hasikii, akaendelea kukamua tui.

Tui jipya lilipunguza chumvi, halikuimaliza. Wakwe wakafika pamoja na binti yangu, na adhana ilipolia tukafungua kwa tende, nikapakua. Binti yangu akaonja, akaniangalia usoni upesi. Nilimjua. Alikuwa anangoja nijitukane mbele za watu, kama alivyonisikia tangu utotoni.

"Mkwe," nikamwambia mama wa mumewe, "chumvi imezidi. Nimefunga, nimechoka, nikaitia mara mbili. Niwie radhi."

"Wee mkwe, chumvi tu hiyo!" akasema, kisha akaomba maji.

Nilikuwa bado nataka kuinuka, kukimbilia jikoni, kutafuta kitu cha kufuta. Nikabaki pale pale mkekani. Binti yangu akashusha mabega, akajiongezea mihogo.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu," nikamjibu, na ilikaribia kuwa kweli.