Ukiambiwa Kaunti, Uliza Ipi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyowagombeza watu wasio na kosa, tena kwa ufasaha. Nguvu nilikuwa nazo, mdomo ninao, akili ilikuwa bado njiani.

Nilikuwa nimetoka Oxon Hill, upande wa Maryland, nikavuka mto kuishi Sterling, Virginia. Mwenye jengo letu akapandisha kodi ghafla, majirani wakaanza kufunga maboksi. Kule Maryland nilizoea kuona baraza la kaunti likijitungia sheria zake. Nikajiambia kaunti ni kaunti, kama kilo ilivyo kilo. Mtu aliyekulia soko la Kongowea, ambako kila mizani ina kilo yake, kusema kilo ni kilo! Aibu.

Nikaenda kwenye kikao cha kaunti kudai kikomo cha kodi. Mwenyekiti akajibu, "Nakuelewa, bwana, lakini bunge la jimbo kule Richmond halijatupa mamlaka hayo." Mimi nikadhani ni ile ya muuzaji anayesema bei si yangu, ni ya tajiri. Kwetu hapo ndipo unapokaza. Nikakaza mpaka kengele ya muda wangu wa kusema ikalia.

Nje alinisubiri Bi Zuhura, jirani yetu, Mzanzibari mtu mzima.

"We mwana wa Mombasa, umepiga kelele nzuri sana. Ila mlangoni kwa jirani."

"Kwani serikali si serikali, bibi?"

"Kwetu tuna katiba yetu, na ipo ya Muungano. Mtu akitutajia serikali, twamuuliza: ipi? Nenda kasome katiba ya hapa, kisha uje unune."

Nikasoma. Katiba, mwanangu, ni tabia ya watu iliyovalishwa kanzu. Virginia ililelewa na wenye mashamba makubwa, waliopenda funguo zote zikae kwa wakubwa wachache. Hata leo kaunti haigusi ambacho bunge la Richmond halijairuhusu. Maryland ililelewa zaidi na watu wa bandari na biashara, kila mtaa upatane bei yake. Katiba yake inaziachia kaunti zijiandikie mkataba wa kujiendesha. Ukiingia Shaw, mjini Washington, jimbo lenyewe hakuna: baraza la mji latunga sheria, na Bunge la nchi nzima laweza kuifuta. Na sote twanunua unga duka moja.

Majira ya baridi, bunge lilipokaa, tukaenda Richmond. Mbunge mmoja akatuambia kwa adabu kwamba ndivyo mambo yalivyokuwa tangu zamani. Bi Zuhura akaniambia nimtafsirie: "Mwambie hata mimi ni wa zamani, na nimebadilika."

Tulinyimwa. Nyumba ikanitoka, nikapanga chumba kimoja mtaa ule ule. Kurudi ng'ambo ya mto, Maryland, kulikuwa rahisi, sikurudi. Mwaka uliofuata tukaenda tena. Tumenyimwa mara nyingi hata nikahesabu upya, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Na bado twaenda.

Basi shika hili. Kabla hujapaza sauti, jua funguo ziko kwa nani, na babu zake waliogopa nini walipozificha. Watakuambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Usiubusu! Uulize kalamu umepewa na nani, kisha mfuate huyo. Kilichoandikwa na watu, watu hukifuta, lakini si watu waliokwisha kuhama.

Mungu akupe koo lisilokauka na rafiki wa kukukosoa, na siku watakapokuamuru ukae, magoti yako yakatae.