Mama Mkwe, Panya na Mkono wa Koti

Mwaka tuliooana, mimi na mke wangu tulipanga nyumba Msamala, hapa hapa Songea. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye uwazi chini ya kila mlango na matundu ukutani ambayo mwenye nyumba aliyaita ya kupitisha hewa. Hewa ilipita kweli. Kipupwe kilipoingia na mahindi yakavunwa, mashamba ya karibu yakabaki mabua matupu, na nyuma ya ile hewa ya baridi wakapita panya.

Mimi ni fundi cherehani. Miezi mingine nashonea barazani, lakini baridi ya Songea ikikaza, vidole hukakamaa hata uzi hauingii kwenye sindano. Basi nikahamishia cherehani sebuleni, pembeni ya jiko la mkaa. Panya nao walilipenda jiko lile. Walipenda na vitambaa pia. Walitafuna kola, wakatafuna pindo, na mmoja, mkubwa mwenye mkia mrefu kuliko adabu yake, alikula kifungo. Kwa nini panya ale kifungo, sijui mpaka leo.

Tukaazima paka kwa jirani. Paka akaja, akalizunguka jiko, akajikunja mbele ya mkaa na kulala. Panya walipita nyuma yake wakienda jikoni, naye akageuka upande wa pili ili mgongo nao upate moto. Tukamrudisha.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka kijijini kwao, upande wa Namtumbo. Mavuno yalikuwa yamekwisha, akaja kupumzika na kumwona binti yake, akatuletea gunia la mahindi na maharage. Panya lazima walipeana taarifa.

Sasa, kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na kula pamoja ndiyo kabisa haifikiriki. Mke wangu alitundika pazia la kitenge kati ya sebule na upande wa jikoni. Mama akakaa nyuma ya pazia, mimi mbele na cherehani yangu. Mke wangu ni mwalimu, akiondoka asubuhi tunabaki wawili, kila mtu na upande wake, tukizungumza kwa kupitia kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama tu, mama. Panya hawajakusumbua?"

"Yupo mmoja hapa juu ya gunia," alisema kwa sauti ya upole. "Amekaa ananiangalia. Nadhani anasubiri nimsalimie."

Niliuma kitambaa nisicheke. Haifai kumchekea mama mkwe.

Sumu aliikataa. Alisema panya akila sumu hufia darini, halafu mnakaa naye akinuka mpaka mnakosana ndani ya nyumba. Basi nikaenda sokoni nikanunua gundi ya panya, ile nzito inayovutika kama asali. Nikaipaka kwenye kipande kikubwa cha boksi, katikati nikaweka dagaa wa Nyasa, nikalitega karibu na pazia. Nilijiona mtaalamu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namalizia koti la mzee mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na alinionya mara nyingi kwamba koti lile, baada yangu, asiliguse mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Mzee mwenyewe alikuwa amenyooka, anatembea kama yuko kwenye gwaride. Nililipiga koti pasi, nikalitundika kwenye msumari ulioshikilia pazia, nikarudi nyuma hatua chache kulitazama. Lilipendeza jamani.

Nikamsikia mama nyuma ya pazia. "Mkwe! Anakuja huko!"

Yule mwenye mkia mrefu akachomoka chini ya kitenge, akaliona boksi la gundi, akaliruka. Aliruka juu yake safi kabisa, na nina hakika alimdaka dagaa mmoja angani. Mimi nikaruka kumfuata. Mimi sikuvuka. Soksi yangu ilitua katikati ya gundi.

Nikayumba. Nikarukaruka na boksi langu mguuni, nikanyoosha mkono nishike chochote, nikashika pazia. Msumari ukang'oka. Pazia likashuka, koti likashuka, na mimi nikashuka juu yao. Nilipoinua kichwa, mbele yangu alikuwa mama mkwe, amesimama juu ya kigoda, mwiko mkononi, macho yake ndani ya macho yangu.

"Mawee!" alisema, akajifunika uso kwa kanga.

"Samahani mama, samahani sana," nikasema, nami nikafumba macho.

Tungeweza kukaa vile hadi mke wangu arudi kutoka shule, lakini koti likaanza kutembea. Mama alichungulia kupitia upindo wa kanga.

"Mkwe, ameingia kwenye mkono wa koti!"

Alishuka kwenye kigoda kama msichana, akaubana mkono wa koti pale kwenye vifungo. "Shika huko juu, kwenye bega! Shika, atatoka!"

Nikashika. Katikati yetu, ndani ya bitana, panya alikuwa anakwenda na kurudi.

"Nimpige?" nikauliza, nikitazama dari.

"Usimpige! Utachafua koti la watu. Tumpeleke nje."

Tukaanza safari. Yeye alishika upande wake akiangalia ukuta wa kulia, mimi upande wangu nikiangalia wa kushoto, kwa sababu ya heshima. Mlangoni tukapita wote kwa pamoja, tukakwama. Tukarudi nyuma. Tukakwama tena.

"Tangulia, mama."

"Tangulia wewe, baba, ndiye mwenye nyumba."

Nikatangulia, boksi likipiga sakafu kila nikikanyaga. Tulipofika uani, mama alikuwa anatetemeka, nikadhani ni baridi ile ya ukungu. Kumbe anacheka. Alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yakipanda na kushuka, na kicheko chake kilisafiri kwenye mkono wa koti mpaka kikanifikia. Nikashindwa. Tukacheka tumegeuziana visogo, panya naye akikimbia huku na huku kati yetu.

Na hapo ndipo mwenye koti akaingia uani.

"Shikamoo, mzee!" niliita, maana ningefanya nini?

"Marahaba." Aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akaangalia boksi mguuni mwangu. "Hilo si koti langu?"

"Ni lenyewe, mzee."

"Sasa mnalifanya nini?"

Mama akajibu bila kugeuka, kwa utulivu ambao sijawahi kuusikia kwa mtu yeyote: "Tunalinyoosha mkono, baba. Mmoja umekuwa mfupi kidogo."

Mzee akasogea auone huo ufupi. Aliinama. Mkono wa koti ukampiga teke puani.

Mama akaachia. Panya alitoka kama risasi, akapita juu ya kiatu cha mzee kilichong'arishwa, na yule mtu wa gwaride akapiga ukelele mwembamba, akapanda juu ya rundo la matofali. Sikumwona akipanda. Nilimwona tu tayari yuko juu. Panya akavuka ua na kupotelea kwenye mabua ya jirani.

Kisha mzee, akiwa bado juu ya matofali, akasema, "Kumbe panya alikuwa amelijaribu kabla yangu," akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Mama alilikagua koti. Halikutobolewa popote. Tulilibadilisha bitana ya mkono, tukalianika juani, na Jumamosi mzee alilivaa akaonekana kama waziri. Hadithi aliisambaza mwenyewe kanisani, na kila aliyeisimulia alinizidishia ukubwa wa boksi.

Mchana ule ule, baada ya kuubandua mguu wangu kwenye boksi kwa mafuta ya kula, mama alisema panya wengine wasiingie tena. Tuliziba matundu. Mimi nilikaa nje na udongo uliochanganywa na saruji, yeye ndani na vile vyuma vya kusugulia sufuria. Kwanza anasokomeza chuma, maana panya hawezi kuking'ata, halafu mimi nasiliba. Uso wake ulikuwa ukitokea kwenye kila tundu.

"Hapa bado, mkwe. Naliona sikio lako."

Chini ya milango tulipigilia vipande vya tairi la baiskeli. Gunia la mahindi tuliliinua juu ya mbao, mbali na ukuta. Baridi nayo ilipungua humo ndani, jambo ambalo hatukulitegemea.

Mke wangu aliporudi alikuta pazia limekunjwa kwenye kiti, mumewe na mama yake wamejaa saruji, wanafuta machozi ya kicheko. Alisimama mlangoni na mkoba wake. "Nani amekufa?" aliuliza.

Mama alimweleza yote, kisha akanigeukia, safari hii bila kanga usoni.

"Umeniona uso, mkwe, nami nimekuona. Kwetu jambo hili haliishi hivihivi. Utatoa kuku."

Nilitoa jogoo. Alimpika mwenyewe, akaniita nikae mkekani, akanipa paja. Tulikula sahani moja na ugali wa moto, huku mke wangu akitutazama kwa zamu kama mtu anayeangalia mpira. Alitaka kuhadithiwa tena ile sehemu ya mzee na matofali. Mama alianza, akafika kwenye kiatu, akashindwa kuendelea. Aliweka tonge chini na kushika mbavu zake.