Pete Mbili za Kamera

Hebu fikiria stesheni ya Kilosa. Treni imepiga honi, mama amemshika mkono mwanawe anayekwenda jeshini, na filamu imebakiza picha moja tu. Wingu likafunika jua. Mpiga picha, jicho kwenye kamera, akapapasa pete ya lenzi ya kuongeza mwanga, kumbe akazungusha ile ya umbali, sura zikafifia. Pete hizo zimebanana mno, hata mimi mwalimu wa upigaji picha nisingezitofautisha kwa kupapasa.

"Mwanangu, unapiga picha au unakamua limau?" mama akafoka, machozi yakimlengalenga.

"Vidole vimekosea, mama. Msiachie mikono!"

Akarekebisha zote mbili, akapiga, na kijana akarukia behewa lililoanza kusogea. Ndipo mpiga picha akafunga uzi kwenye pete ya mwanga, kidole kiitambue.

Wewe unayetengeneza chombo chochote, nakuomba ukumbuke kwamba macho ya mtumiaji yako kwa mtu, hayako kwenye chombo.