Limau la Mama Norma Kando ya Mto Brenta

Saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi mkuu wa urithi wa mto Brenta anaanza wajibu wake mtukufu. Anapiga chafya, anavaa buti zisizofanana, kisha anaanza kubisha hodi kwenye vyungu.

Huyu ni Norma Bordignon, mtunza bustani wa jumba la Malvestio. Vyungu vya milimau vimepangwa kutoka barazani hadi ngazi za mtoni. Kila kimoja anakigonga kwa kifundo cha kidole, ametega sikio.

"Chenye kiu hulia," anasema. "Kama tumbo lako kabla ya kengele ya chai."

Mwandishi wa habari hii, mwanafunzi wa shule ya bweni iliyo nyuma ya ukuta wa bustani, anaupokea utani huo kwa staha.

Kwenye chungu cha mwisho Norma anapunguza sauti. Mlimau huo anauita Bibi. Aliupanda baba yake, aliyetunza bustani hii kabla yake. Tangu baridi kali iuunguze, haujazaa. Msimamizi wa jumba, Bwana Corradin, ameshasema: leo akiukuta mtupu, unang'olewa, chungu kipandwe maua ya maharusi.

"Silalamiki," anasema Norma. "Mshahara mdogo, mgongo mbovu, lakini nani mwingine anaamshwa na harufu hii? Namshukuru Mungu. Ningeomba tu Bibi aachwe."

Bwana Corradin anafika. Tawini linang'aa limau moja, nono, la manjano.

"Mbona jana halikuwapo?"

"Mambo ya Mungu hayo, Bwana," anajibu mwandishi.

Msimamizi analigusa. Linamdondokea mkononi, likiburuta uzi wa kijani.

Bwana Corradin anauinua uzi, anaukodolea macho.

Norma anacheka mpaka anashika kiuno. Anapenyeza mkono majanini kuondoa uzi uliobaki, ghafla anasita.

"Bwana, njoo uone."

Ni kitumba cha ua, kidogo, cha zambarau.

"Hiki hakina uzi. Kivute, ujionee."

Bwana Corradin hakivuti. "Haya. Abaki mpaka vyungu vitakaporudishwa ndani kukwepa baridi."

Norma anajifuta macho kwa aproni, anamgeukia mwandishi. "Asante, mwizi wangu. Mungu akijalia limau likaiva, nusu yako. Kwa sasa, ndoo ile pale, maji yamo mtoni."

Mwandishi anakiri. Limau lilitoka jikoni mwa shule, ndiyo maana samaki wa Ijumaa aliliwa bila ndimu wala limau. Uzi ulifumuliwa kwenye soksi ya mwalimu wa bweni. Kilichobaki cha soksi kiko chini ya chungu cha Bibi. Mwalimu aje akichukue, ila abishe hodi kwanza.