Sensa ya Gari Inanivunjia Ndoa

Dada huyu ametuandikia kutoka Singida, jina lake tunabaki nalo sisi. Msome mpaka mwisho kabla hujamtukana.

Admin, habari ya kazi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, naishi Mkiwa. Mume wangu anafanya kazi ya reli Itigi, nyumbani anarudi mwisho wa mwezi. Mimi ndiye ninayeendesha kirikuu yetu, kile kigari kidogo cha mizigo. Napeleka kuku na mafuta ya alizeti Singida mjini, narudi na bidhaa za duka. Udereva alinifundisha yeye mwenyewe, tena kwa kujisifu mbele ya rafiki zake. Leo anajuta, na mimi nalia.

Shida ilianza gari lilipochemsha njiani nikiwa na matenga ya kuku. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye fundi hapa kijijini. Alikuta feni ya kupoza injini haizunguki, akaiunga moja kwa moja na betri ili izunguke muda wote. Huku kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila gari linalochemsha. Kweli halikuchemsha tena, tukamshukuru. Ila lilikuwa linakunywa petroli kama limelaaniwa, na moshi mweusi nyuma.

Mume wangu aliporudi akauliza mafuta yanakwenda wapi. Shemeji akajibu bila hata kufungua boneti, "Kaka, gari ni zima. Muulize dereva huwa anapitia wapi."

Jamani! Neno hilo lilimwingia mume wangu likakaa. Akaanza kunipigia simu kila nikiwa barabarani, nikichelewa kupokea ni matusi.

Nikaona nisife kijinga. Nikapeleka gari kwa fundi umeme wa magari kule Unyambwa. Nilirudi kwake mara kadhaa, maana mwanzo alishuku plagi. Mwishowe akachomoa sensa, kidude kinachopima joto la maji ya injini, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto huku ameiunga na mita yake. Mshale haukusogea.

"Mama, hii imekufa," akaniambia. "Injini inachemka, yenyewe inasema bado baridi. Ndiyo maana feni haikuwaka, na ndiyo maana petroli inamwagwa kama gari linawashwa asubuhi. Aliyeunga feni alituliza homa, ugonjwa akauacha."

Alipofunga mpya, moshi ukakata na petroli ikakaa. Nilifurahi nusu ya kucheza. Mume wangu aliporudi nikamchinjia jogoo, nikamweleza yote. Akasema, "Kumbe ndiko unakokwendaga. Unyambwa."

"Baba watoto, nilikwenda kutengeneza gari."

"Mara zote hizo? Mpaka anakufundisha na injini?"

Kulipokucha akamwita mdogo wake, wakachomoa sensa mpya wakarudisha ile mbovu niliyokuwa nimerudi nayo. "Kifaa cha bwana wako hakikai kwenye gari langu," akasema. Nikachemsha maji, nikaleta kikombe, nikamwomba shemeji apime mbele ya kaka yake. Shemeji alikitazama kikombe, akainama kukusanya spana zake, akaondoka. Anajua. Wallahi anajua!

Sasa moshi umerudi. Mume wangu kasema akija tena akakuta mafuta yamekwisha mapema, watoto wanakwenda kwa mama yake Manyoni na mimi nirudi kwetu Iramba. Nikiacha kuendesha, duka linakufa na atasema nimeogopa. Nikiendesha, petroli yenyewe inanishitaki. Nikikanyaga Unyambwa tena, ndiyo nimejimaliza. Mwanangu mdogo ananiuliza kwa nini nalia nikiwasha gari.

Ndugu zangu, wanaoujua ukweli huu ni wawili tu. Mmoja ananyamaza kulinda jina lake la ufundi, na mwingine ndiye ninayesingiziwa naye. Nipeni akili, maana yangu imeisha. Nimwendee nani anisemee kabla mume wangu hajarudi?